Kalamu ya Mfungwa wa Vita

Wazee wetu wa Kivu walizoea kusimulia habari ya Saio. Tarehe 3 Julai 1941, kule Etiopia, jenerali Mwitalia Gazzera alijitoa mikononi mwa jenerali Gilliaert na askari wa Kongo. Juu ya maisha ya wafungwa ndani ya senyenge, lakini, hatukusikia kitu. Mimi nilizani ya kuwa walikaa tu, wakingoja vita iishe.

Sivyo. Felice Benuzzi alishikwa na Waingereza, akafungwa katika kambi ya 354 huko Nanyuki, Kenya. Ameeleza namna siku zisizo na kazi wala mwisho zilivyomlemea. Siku moja mawingu yakafunguka, akaona Mlima Kenya. Mwezi wa Januari 1943 akatoroka pamoja na wenzake wawili, wakiwa na vyombo walivyojitengenezea. Picha ya mlima iliyobandikwa juu ya kopo la nyama ilikuwa kama ramani yao. Walisimamisha bendera kilele cha Lenana, kisha wakarudi kambini wenyewe! Benuzzi alichora pia picha kwa rangi za maji, na buku lake la mwaka wa 1947 linatuonyesha kambi ile. Wafungwa wengine, waliotengeneza barabara ya Mai Mahiu, walijenga kikanisa mwaka wa 1942. Kingali kando ya njia, kidogo kupita sakristia nyingi.

Lakini aliyechora taabu yenyewe ni Mwingereza Ronald Searle, aliyeshikwa na Wajapani huko Singapore mwaka wa 1942. Alichora wagonjwa waliokonda, walinzi, wenzake katika kazi ya njia ya reli ya Siam. Kama karatasi zile zingaliokotwa, angaliweza kuuawa. Basi alizificha chini ya magodoro ya wagonjwa wa kipindupindu, sababu walinzi waliogopa kuwakaribia. Karibu picha 300 zilipona. Tuseme kweli: wenye kufa ndio waliozilinda.

Neno moja lanisumbua. Askari na wapagazi wetu wa Saio waliteswa na njaa na magonjwa, lakini sijaona hata picha moja waliyoichora wenyewe. Zote nilizoziona ni za Wazungu.

Hapa Kirotshe, wakati fulani wa wakimbizi, mtoto mmoja wa katekisimu alichora kwa makaa, juu ya ukuta wa kanisa, mahema na mstari wa wamama wenye mabidoni wakingoja maji. Mkatekista alikuja na kitambaa apate kufuta. Nikamwambia aache.