Makovu ya Freti

Ukipata gitaa kuukuu pale Kapseret, usianze kusoma jina la kampuni. Cheki shingo kwanza. Zile waya fupi zilizolazwa kukatiza shingo, yaani freti, zimeweka kumbukumbu ya mikono iliyopita.

Freti nyingi ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, laini kuliko nyuzi za chuma. Kila kidole kinapobonyeza, uzi unaila freti kidogo. Miaka ikisonga, vishimo vinatokea na sauti inabadilika: noti inatoka nje ya tyuni, mlio unazima mapema, au uzi unagonga freti inayofuata na kutoa zzz.

Vishimo vikijaa kwenye freti tatu za kwanza, mwenyewe alipenda kodi za kawaida. Vikiwa juu zaidi, huenda alitumia kapo. Baadhi ya wapigaji walifunga tu penseli shingoni kwa kamba.

Lakini muziki wa Bonde la Ufa haukuanza na freti. Mwaka 1950, Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis kule Kapkatet, Kericho, wakiimba "Chemirocha". Hilo ni jina la Jimmie Rodgers, mpiga gitaa wa Marekani aliyefariki 1933. Sauti yake ilifika kwa santuri, na yeye akageuzwa kiumbe nusu mtu, nusu swala. Walimwimba mpiga gitaa, ila kilichopigwa ni chepkong, kinubi kisicho na freti. Kila uzi una noti yake, na sikio la mpigaji ndilo linaamua iwe wapi.

Gitaa lilikuja na uamuzi tayari. Freti ya 12 inakata uzi katikati, na zile 11 za kabla yake zimepimwa kwa hesabu ya Ulaya. Kizazi cha kina Kipchamba arap Tapotuk kilipoimba Kikalenjin juu ya gitaa, sikio lilikutana na rula.

Na ile zzz? Huko Ethiopia, wapigaji wa begena huweka vipande vya ngozi chini ya nyuzi makusudi ili zivume. Kumbe fundi anachokiita kasoro, sikio lingine linakiita sauti. Tofauti ni kwamba mpiga begena amechagua. Freti iliyolika inakuchagulia.

Kwa hivyo peleka gitaa kwa fundi, libadilishwe freti, liendelee kuimba. Ila kabla hajang'oa zile za zamani, piga picha, kisha muulize mzee aliyekuachia alikuwa akipiga nyimbo gani. Freti mpya zinauzwa. Majibu yake hayauzwi popote.