Data Isiyopangiliwa: Jina na Kazi Yake

Msimu wa wageni ukimalizika Unguja, simu ya mtembeza watalii huwa imejaa. Mna jumbe za sauti za madereva, picha za kima punju wa msitu wa Jozani, nakala za pasipoti, stakabadhi zilizopigwa picha juu ya kiti cha gari, na maoni ya wageni kwa Kiitaliano, Kipolandi na Kifaransa. Fedha zilizoingia zimo kwenye jedwali kwa sababu mhasibu anazidai. Hayo mengine hayajaingizwa kwenye jedwali lolote. Wataalamu wa kompyuta huyaita kwa Kiingereza “unstructured data”, na kwa Kiswahili kila mtu amekuwa akiyapa jina lake. Nashikilia kwamba jina linalofaa ni data isiyopangiliwa, kwa sababu jina baya hapa humfanya mfanyabiashara aifute mali yake akidhani anafuta takataka.

Tafsiri inayosikika zaidi ni “data isiyo na muundo”. Lakini ujumbe wa sauti wa dereva una muundo wake: anasalimia, anasema alipo, anaeleza kilichomkwamisha, kisha anauliza afanyeje. Kinachokosekana ni safuwima. Hakuna mahali palipotengwa kwa ajili ya saa, mahali, idadi ya wageni na sababu ya kuchelewa. “Data ghafi” nayo ni kitu kingine kabisa. Fomu 500 za dodoso ambazo hazijachambuliwa ni ghafi, lakini zilipangiliwa tangu siku zilipochapishwa, kila swali na kisanduku chake. Ukisema “isiyopangiliwa”, msikilizaji anaelewa mara moja kwamba ipo kazi ambayo bado haijafanywa, na kwamba kuna mtu anaweza kuifanya. Katikati hapo kuna data iliyopangiliwa nusu, kama barua pepe: mtumaji, tarehe na kichwa cha habari viko mahali pake, lakini mwili wake ni maneno huru.

Mgawanyo huu ulitokana na majedwali. Mwaka 1970 Edgar Codd wa kampuni ya IBM alichapisha nadharia ya kuhifadhi data katika majedwali yanayohusiana, na tangu hapo mabenki, mashirika ya ndege na serikali zilijenga kumbukumbu zao juu ya msingi huo. Kisichoingia kwenye jedwali kikabaki pembeni. Ajabu ni kwamba miaka 12 kabla yake, mwaka 1958, Hans Peter Luhn wa kampuni hiyohiyo alikwisha kueleza mtambo wa kuisaidia biashara kwa kusoma nyaraka, kuzifupisha na kumfikishia kila mhusika zinazomfaa. Maneno yalitangulia kufikiriwa, jedwali likashinda kwa sababu kompyuta za wakati ule zililimudu.

Jozani yenyewe inaonyesha tofauti hii vizuri. Sensa ya kima punju ilipata zaidi ya kima 5,800 kisiwani, idadi kubwa kuliko makadirio ya awali. Sensa ya namna hiyo huanza na swali: kundi liko wapi, lina kima wangapi. Safuwima zinakuwapo kabla mtu hajaingia msituni. Kamera ya kutega haiulizi. Inapiga picha ya chochote kinachopita mbele yake: paa, panya, jani linalotikiswa na upepo. Januari 2003 kamera za aina hiyo Jozani zilimpiga picha kanu wa Unguja akiwa hai, mnyama ambaye sayansi ilikuwa imemweleza miaka mitano tu nyuma. Picha hiyo ilipata thamani kwa sababu kuna mtu aliyekaa akazipitia picha zote, akaandika pembeni: mnyama gani, wapi, saa ngapi.

Kazi ya biashara ni hiyohiyo. Chukua njia ya mbao inayopita kwenye mikoko ya Pete, karibu na lango la hifadhi. Tuseme kampuni ina maoni ya wageni ya miaka mitatu, na wengine wanasifu samaki na maji yaliyotulia chini ya mbao, wengine wanalalamika kwamba waliona tope tu. Ukiyasoma hivyo, utadhani watu wana ladha tofauti. Sasa fungua jedwali dogo. Kwa kila maoni andika tarehe na saa ya ziara, kisha neno moja: ameridhika au hakuridhika. Weka kando yake ratiba ya maji kujaa na kupwa, ambayo ni data iliyopangiliwa kwa ukamilifu na inapatikana kwa urahisi. Maji hujaa mara mbili kwa siku na kila siku husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ziara inayoondoka saa 3 kila asubuhi itawakuta wageni wa wiki hii kwenye maji na wa wiki ijayo kwenye tope. Mvuvi yeyote wa Unguja angekwambia hivyo bila kompyuta. Kilichokuwa hakijulikani ni kama hilo ndilo linalowaudhi wageni, na jibu limo ndani ya maneno yao wenyewe. Ikithibitika, kampuni itabadili saa ya kuondoka, au itamfundisha mtembezaji awaonyeshe kaa na mizizi maji yanapokupwa.

Ndiyo maana siwaamini wanaouza programu za kuchambua “kila kitu”. Swali ndilo linaloamua safuwima. Asiye na swali atalipia hifadhi ya intaneti mwaka hadi mwaka na hatapata kitu.

Kazi hii ikishafanywa vizuri kwa mkono, mashine zinaweza kuiendeleza. Kuanzia mwaka 2016 Tume ya Ardhi ya Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Benki ya Dunia walipiga picha Unguja na Pemba kwa droni. Picha tupu ya bati na mchanga haimwambii mpangaji wa mji lolote analoweza kulihesabu. Watu waliketi wakachora mpaka wa kila jengo na kulipa alama moja kati ya tatu: limekamilika, halijakamilika, au ni msingi tu. Mwaka 2018 picha na alama hizo zikatumika katika mashindano ya kimataifa ya kuifundisha kompyuta kuyatambua majengo. Alama tatu tu! Anayevijua visiwa hivi, vyenye misingi inayosubiri matofali kwa miaka, ataona jinsi zilivyochaguliwa kwa akili.

Kwenye sauti tahadhari ni kubwa zaidi. Programu zinazogeuza Kiswahili cha kusemwa kuwa maandishi zimejifunza zaidi Kiswahili sanifu. Dereva wa Makunduchi akizungumza Kikae, maandishi yatakayotoka yatapotosha, na jedwali litakalojengwa juu yake litapotosha kwa sura ya uhakika. Sikiliza mwenyewe jumbe chache kila wiki uzilinganishe.

Limebaki la wenye data. Sheria ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 2022 inaitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Watunga sheria wamechagua “taarifa” pale mafundi wanaposema “data”, na neno lao linafaa, kwa kuwa kinacholindwa ni habari za mtu anayejulikana. Data isiyopangiliwa ndiyo inayovujisha habari hizo kwa urahisi, maana sura, sauti na namba ya pasipoti hukaa humo bila mtu kukumbuka kwamba zimo. Kabla ya kupangilia chochote, kampuni ianze na folda ya nakala za pasipoti. Ya mgeni aliyekwisha kurudi kwao, ikiwa hakuna sheria inayotaka itunzwe, ifutwe leo.