Msitu Uliorudi Letchworth

Katikati ya Oktoba, wakati sisi Afrika Mashariki tunatazama mawingu tukingoja mvua za vuli, magari humiminika katika Hifadhi ya Jimbo ya Letchworth, magharibi mwa New York. Watu wanakwenda kutazama majani. Mto Genesee umechimba hapo korongo ambalo kina chake hufika kiasi cha mita 180, na kingo zote mbili zimejaa miti iliyogeuka rangi: njano, chungwa, damu ya mzee.

Niliokota jani moja la maple, mti ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Kingo zake zilikuwa nyekundu, lakini kando ya mishipa ukijani ulikuwa haujatoka. Siku zikifupika na baridi ikiingia, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na njano iliyokuwa imejificha ndani ya jani tangu mwanzo hujitokeza. Wekundu ni jambo jingine: huo jani huutengeneza wakati huohuo, kwa sukari iliyobaki ndani yake. Ndiyo maana mchana wa jua ukifuatwa na usiku wa baridi, wekundu hukolea.

Ukisimama juu ya korongo ni rahisi kudhani unatazama pori la tangu na tangu. Sivyo. William Pryor Letchworth, mfanyabiashara wa Buffalo aliyetajirika kwa vifaa vya matandiko ya farasi, aliponunua ardhi hapa mwaka 1859, wakata mbao walikuwa wamekwisha kupita. Penye Maporomoko ya Kati, ambapo maji huanguka kiasi cha mita 33, palikuwa na kiwanda cha kupasulia magogo. Letchworth akapanda miti, akaacha miteremko ipumue. Nyumba yake akaiita Glen Iris. Iris ni mungu wa kike wa upinde wa mvua kwa Wagiriki wa kale, na upinde huo huonekana katika manyunyu ya maporomoko jua likiwaka.

Kabla yake bonde hili lilikuwa la Waseneca, taifa la wenyeji wa asili wa Amerika. Kwa Mkataba wa Big Tree wa mwaka 1797 walipoteza karibu ardhi yao yote ya magharibi mwa New York, wakabakiwa na vipande. Kipande kimoja, Gardeau, karibu ekari 18,000, kilitengwa kwa ajili ya Mary Jemison. Huyu alizaliwa baharini, wazazi wake wakihamia Amerika. Akatekwa angali msichana, Waseneca wakamlea kama mtoto wao, naye hakutaka tena kuondoka kwao. Alilima mahindi kwenye tambarare za mto huu kwa miaka mingi. Ardhi hiyo nayo ikauzwa, ya mwisho mwaka 1831, na miaka miwili baadaye akafariki Buffalo Creek, mbali na mashamba yake.

Letchworth alilihamishia kwake jengo la magogo la baraza la Waseneca, lililokuwa likioza huko Caneadea. Tarehe 1 Oktoba 1872 wazao wa Waseneca na wa Wamohawk, taifa jingine la wenyeji, waliketi tena ndani yake, wajukuu wa Jemison wakiwemo. Namheshimu Letchworth kwa hilo. Hata hivyo, siwezi kusahau kwamba siku hiyo wenyeji waliingia katika jengo la baraza lao kwa mwaliko wa mwenye shamba.

Baadaye kampuni moja ilitaka kujenga bwawa la umeme hapo. Mwaka 1906 Letchworth, sasa mzee, akaamua kulikabidhi jimbo ekari zake 1,000, akibakiza haki ya kuishi humo mpaka kufa kwake, mwaka 1910. Leo hifadhi inazidi ekari 14,000. Kuta za mawe ambazo wageni huziegemea zilijengwa miaka ya 1930 na vijana waliokosa kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Serikali iliwalipa dola 30 kwa mwezi, na sehemu kubwa ilitumwa kwa wazazi wao.

Mifupa ya Jemison ililetwa hapa mwaka 1874, ikazikwa karibu na jengo la baraza. Juu ya kaburi ipo sanamu yake ya shaba, kijana, yuko safarini, mtoto mgongoni. Nilipofika, majani ya njano yalikuwa yamemfunika miguu, na mengine yalizidi kuanguka.