Aliyetetea Kipokomo

Mwaka 1973, kule UCLA, Marekani, Thomas Hinnebusch alikamilisha tasnifu ya uzamivu kuhusu lugha za Kibantu za pwani ya Kenya. Miaka 20 baadaye, yeye na Derek Nurse wakatoa kitabu kikubwa kuhusu Kiswahili na ndugu zake: Kikomoro, Kimijikenda, Kielwana, na Kipokomo chetu.

Haya niliyasoma kwa simu stendi ya Garsen, nangoja gari la Ngao, chuo nishakiacha. Nikamsimulia bibi. Hakushangaa kwamba lugha yake ina udaktari.

"Sasa siku aliyofaulu, walipika nini?"

"Sijui, bibi. Labda walipeana mikono tu."

"Na wenye maneno yao, kuna aliyekuja kuwaambia amepita?"

Nikanyamaza. Akaninyooshea ungo nichambue mchele.