Santuri isiyo na wimbo: namna sahani ya zamani ilivyogeuka usukani wa kompyuta

Kuna ma-DJ ambao ukiwatazama kazini unaona sahani nyeusi mbili zinazunguka mbele yao, na pembeni kompyuta imefunguliwa. Mtu mmoja atasema muziki unatoka kwenye sahani. Mwingine atasema unatoka kwenye kompyuta na sahani ni pambo tu. Wote wawili wamekosea. Sahani ile haina wimbo hata mmoja. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye spika, utasikia mlio mkali usiobadilika, kama filimbi ya refa asiyepumua. Hata hivyo, bila sahani hiyo kompyuta haijui iende mbele, irudi nyuma au isimame.

Ilifikaje hapo? Historia yake inapita Japani, New York, Amsterdam na Auckland, na ni historia ya watu waliokataa kuacha ufundi wa mikono yao.

Mashine ya nyumbani yaingia mtaani

Mwaka 1972 kampuni ya Matsushita ya Japani, kwa jina la Technics, ilitoa mashine ya santuri iitwayo SL-1200. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaosikiliza muziki nyumbani. Mashine nyingi za wakati huo zilizungushwa na mkanda wa mpira: ukishika sahani kwa mkono, mkanda unateleza, na ukiachia, sahani inachelewa kurudia mwendo wake. SL-1200 haikuwa na mkanda. Mota ilikaa chini ya sahani yenyewe na kuizungusha moja kwa moja, kwa hiyo mwendo ulirudi upesi.

Mwaka uliofuata, tarehe 11 Agosti 1973, kijana mzaliwa wa Jamaika aitwaye Kool Herc alipiga muziki katika sherehe moja mtaani Bronx, New York. Herc alijulikana kwa kutumia sahani mbili za wimbo mmoja, ili kipande cha ngoma ambacho watu wanakipenda kirudiwe bila kukatika. Grandmaster Flash aliuendeleza ufundi huo kwa kuweka alama juu ya sahani na kuirudisha kwa mkono hadi mahali anapopataka. Grand Wizzard Theodore ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuisugua sahani mbele na nyuma chini ya sindano hadi ule mkwaruzo wenyewe ukawa muziki.

Mwaka 1979 Technics ilitoa SL-1200MK2, yenye kitufe kirefu cha kutelezesha ili kuongeza au kupunguza mwendo. Mashine hiyo ikawa kwa DJ kama cherehani kwa fundi nguo. Kizazi kizima kilijifunza kazi juu yake.

Mzigo wa mgongoni

Shida ilikuwa uzito. Sahani 80 pamoja na maganda yake zinakaribia kilo 20, na usiku mmoja wa kazi unaweza kudai masanduku mawili au matatu. Sahani ikipotea njiani, ikivunjika au ikiibwa, wimbo umekwenda.

Katika miaka ya 1990 nyimbo zilianza kuingia kwenye kompyuta kwa mfumo wa MP3. Maelfu ya nyimbo yalikaa ndani ya mashine moja inayobebwa mkononi. Lakini utaongozaje wimbo kwa panya wa kompyuta? Mtu aliyejizoeza miaka kumi kusikia mdundo kwa vidole aliambiwa abonyeze vitufe kama karani. Wengi walikataa.

Jibu lilitoka Amsterdam. Kampuni ndogo iitwayo N2IT ilibuni Final Scratch, kwanza juu ya mfumo wa kompyuta uitwao BeOS. Ma-DJ wawili waliofanya kazi Kanada, Richie Hawtin na John Acquaviva, walichangia mawazo na kuitangaza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Stanton iliifikisha sokoni. Wabunifu hawa hawakumwomba DJ aache mashine yake. Walimpa sahani nyingine ya kuweka juu yake.

Siri iliyo ndani ya mlio

Ule mlio wa filimbi ndio barua ambayo sindano inaipelekea kompyuta. Kwenye sahani za Serato, kwa mfano, mlio una mitetemo 1,000 kwa sekunde sahani ikizunguka kwa mwendo wake wa kawaida. DJ akipunguza mwendo hadi nusu, mitetemo inakuwa 500, na kompyuta inaupiga wimbo kwa nusu ya mwendo. Akisimamisha sahani, mlio unakufa na wimbo unasimama.

Kompyuta inajuaje kwamba sahani imerudi nyuma? Mfereji wa sahani hubeba sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Mlio wa upande mmoja umetangulia mwenzake kwa robo ya mtetemo. Sahani ikigeuzwa, aliyekuwa nyuma anakuwa mbele, na kompyuta inaelewa.

Bado kuna jambo la mahali. Ndani ya mlio huo, mitetemo mingine ina nguvu kidogo kuliko mingine, nayo inasomwa kama mlolongo wa sifuri na moja. Kila sehemu ya sahani ina mlolongo wake, kama nyumba zilizo na namba barabarani. DJ akiinua sindano na kuishusha katikati ya sahani, kompyuta inaruka hadi katikati ya wimbo. Anaweza pia kuchagua kompyuta isijali namba hizo bali ifuate mwendo na upande tu. Hapo sindano ikiruka kwa sababu wachezaji wanatikisa sakafu, wimbo hauruki.

Haya yote sharti yafanyike ndani ya muda mfupi sana. Mkono ukitangulia sauti hata kidogo, DJ anajihisi kama mtu anayeendesha gari lenye usukani uliolegea.

CD nazo zaingia

Mwaka 2001 Pioneer ilitoa CDJ-1000, mashine ya CD yenye gurudumu pana juu yake ambalo DJ aliweza kulisugua kama sahani. Kumbi nyingi zikaanza kuinunua. Basi ule mlio ukarekodiwa pia juu ya CD. Kwa mashine, ni CD ya sauti kama nyingine, na mashine inaupiga mlio kwa mwendo ambao gurudumu limeamua. CD ina faida yake: haina sindano ya kuruka wala mfereji wa kulika. Sahani ya santuri huchakaa, na ikichakaa kompyuta inaanza kusoma vibaya.

Mwaka 2004 kampuni ya Serato ya Auckland, New Zealand, pamoja na Rane ya Marekani, walitoa Scratch Live. Kijisanduku kimoja kiliunganisha mashine za santuri, mikseri na kompyuta kwa waya wa USB. Mfumo huo ukaenea sana kati ya ma-DJ wa hip-hop, wale wale ambao kazi yao yote ilikuwa mkononi.

Uhuru na utumwa mpya

Lakini mzigo wa mgongoni ulipopungua, mwingine ulikuja. Sahani ya zamani haikuomba ruhusa kwa mtu. Mfumo mpya ulidai programu fulani, kijisanduku fulani na kompyuta inayokubaliana navyo. Kufikia 2013 Serato ilikuwa imeelekeza nguvu zake kwa Serato DJ, na Scratch Live ikawekwa kando. Fundi aliyenunua chombo anagundua kwamba mwenye kiwanda ndiye anayeamua chombo hicho kiishi miaka mingapi.

Ndiyo maana kazi za watu waliotoa programu bure zina uzito. Mixxx, iliyoanza mwaka 2001, na xwax, inayotumika kwenye Linux, zinasoma sahani za mlio bila kudai malipo, na yeyote anaweza kuona zilivyoandikwa.

Technics yenyewe iliacha kutengeneza SL-1200 mwaka 2010, kisha ikairudisha mwaka 2016. Mashine ya 1972 ilikuwa imepewa sababu nyingine ya kuishi.

Kwa Congo kuna jambo la kufikiria. Nyimbo za Ngoma, kampuni iliyofunguliwa Léopoldville mwaka 1948 na iliyomrekodi Wendo Kolosoy, zilitoka kwenye sahani za mizunguko 78, ambazo ni ngumu lakini huvunjika kama chungu. Hakuna DJ mwenye akili ambaye angezisugua kwa sindano. Wimbo ukishanakiliwa kwa uangalifu kwenye kompyuta, sahani ya Wendo inabaki salama kabatini, na ile isiyo na wimbo ndiyo inayoumia chini ya vidole badala yake.