Ushahidi wa mtaalamu wa tiba ya viungo katika kesi za fidia ya majeraha

MTU aliyejeruhiwa katika ajali anapofika mahakamani kudai fidia, hutakiwa kuthibitisha mambo mawili makuu. Kwanza, kwamba mdaiwa ndiye aliyesababisha ajali kwa uzembe wake. Pili, kiasi cha hasara iliyompata. Jambo la kwanza huthibitishwa na walioshuhudia ajali pamoja na rekodi za polisi. La pili, kwa kawaida, huachiwa ripoti ya daktari. Hata hivyo, yapo mambo ambayo ripoti ya daktari haiyaelezi kwa ukamilifu, na hapo ndipo mtaalamu wa tiba ya viungo, yaani fiziotherapia, anapohitajika.

Chukua mfano wa mwashi aliyegongwa na matatu akavunjika mfupa wa paja karibu na goti. Baada ya mwaka mmoja, picha ya eksirei yaonyesha kwamba mfupa umeunga vyema, na daktari anaandika hivyo. Lakini goti lenye afya hukunjika kwa takriban nyuzi 135, ilhali la mwashi huyu hukunjika kwa nyuzi 80 pekee. Kutembea kwenye barabara tambarare huhitaji goti likunjike kwa nyuzi 60 hivi, nako kupanda ngazi za kawaida huhitaji karibu nyuzi 90. Kwa hiyo, mwashi huyo ataonekana akitembea mjini kama mtu mzima, ilhali hawezi kuchuchumaa kupanga mawe ya msingi wala kupanda jukwaa la ujenzi. Pengo hilo kati ya mfupa uliounga na kazi isiyofanyika ndilo analolieleza mtaalamu wa tiba ya viungo.

Msimamo wa sheria

Nchini Kenya, mlango wa ushahidi huu umefunguliwa na kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80. Kifungu hicho huiruhusu mahakama kupokea maoni ya watu wenye ujuzi maalumu pale inapolazimika kuamua jambo linalohusu sayansi au sanaa. Shahidi wa kawaida husema aliyoyaona na kuyasikia tu. Shahidi mtaalamu huruhusiwa kwenda hatua moja mbele na kutoa maoni.

Kabla ya kutoa maoni hayo, sharti athibitishe ujuzi wake. Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014 iliunda baraza linalowasajili wataalamu hao na kuwapa leseni. Basi swali la kwanza atakaloulizwa shahidi ni kuhusu masomo yake, usajili wake, leseni yake na miaka aliyofanya kazi. Asiyekuwa na usajili huhatarisha kesi ya aliyemwita.

Ni vyema pia kutofautisha nafasi mbili. Yupo mtaalamu aliyemtibu majeruhi tangu mwanzo, ambaye hueleza hali aliyomkuta nayo, matibabu aliyompa na namna alivyoendelea. Yupo pia yule anayeombwa na wakili, au na kampuni ya bima, kumpima majeruhi kwa ajili ya kesi tu. Wa kwanza anamjua mgonjwa zaidi, lakini anaweza kudhaniwa kwamba anamwonea huruma. Wa pili yuko mbali na mgonjwa, lakini huenda amemwona mara moja tu.

Vipimo vyake

Uzito wa ushahidi huu hutokana na vipimo. Pembe ya kiungo hupimwa kwa kifaa kiitwacho goniomita. Nguvu za misuli hupewa alama kuanzia 0, misuli isipojikaza kabisa, hadi 5, ikiwa na nguvu za kawaida. Nguvu za kushika kwa mkono hupimwa kwa dainamomita. Pia majeruhi anaweza kutakiwa kutembea kwa dakika 6 na umbali aliotembea ukaandikwa, au kuinua mizigo ya uzani mbalimbali.

Vipimo hivyo hulinganishwa na upande wa mwili usio na jeraha, na hurudiwa mara kadhaa. Kurudia huko kuna faida. Anayejitahidi kwa dhati kwa kawaida hutoa matokeo yanayokaribiana, ilhali anayejifanya dhaifu huenda akatoa matokeo yanayotofautiana sana. Hata hivyo, tofauti hizo peke yake hazimfanyi mtu kuwa mwongo, kwani maumivu, uoga na uchovu pia huweza kuzileta. Mtaalamu mwangalifu hulisema jambo hilo wazi bila kusubiri kuulizwa.

Gharama za siku zijazo

Eneo ambalo majeruhi wengi hupoteza haki yao ni gharama za matibabu ya baadaye. Mtu anayehitaji tiba ya viungo mara 2 kwa wiki kwa muda wa miezi 6 atahudhuria vipindi 52 hivi. Ukijumlisha nauli, magongo au kiti cha magurudumu, gharama hupanda upesi. Mtaalamu wa tiba ya viungo ndiye awezaye kuieleza mahakama idadi ya vipindi, sababu zake na bei yake.

Lakini ushahidi huo pekee hautoshi. Katika kesi iliyoihusu kampuni ya mabasi ya Kenya Bus Services, ambayo uamuzi wake ulichapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 2004, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba haja ya matibabu ya baadaye, tiba ya viungo ikiwemo, ni jambo ambalo lazima litajwe katika hati ya madai. Lisipotajwa humo, mahakama haiwezi kulitolea fidia, hata shahidi awe hodari namna gani. Kwa sababu hiyo, wakili humtafuta mtaalamu kabla ya kuwasilisha kesi, wala hangoji siku ya kusikilizwa.

Wajibu kwa mahakama

Anayemlipa shahidi mtaalamu hamnunui. Kanuni hii ilifafanuliwa nchini Uingereza mwaka 1993 katika kesi ya meli iitwayo Ikarian Reefer, ambapo jaji alieleza kwamba maoni ya mtaalamu yapasa kuwa yake mwenyewe, yasiyoelekezwa na mahitaji ya kesi, na kwamba anapaswa kutaja pia mambo yanayopingana na maoni yake. Mwaka 2011, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikwenda mbele zaidi. Katika shauri lililotokana na ajali ya pikipiki, iliamua kwamba shahidi mtaalamu anaweza kushtakiwa na mteja wake mwenyewe kwa uzembe katika kazi hiyo.

Kwa upande wake, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema mwaka 1996, katika kesi ya Ndolo, kwamba ushahidi wa wataalamu ustahili kuheshimiwa, lakini haumfungi jaji, na sharti upimwe pamoja na ushahidi mwingine wote. Hivyo basi, ripoti inayotoa hukumu bila kueleza vipimo vilivyoizaa yaweza kuwekwa kando.

Mtaalamu wa tiba ya viungo pia ana mipaka yake. Si kazi yake kusema ni dereva gani aliyekosea, wala kutafsiri ugonjwa ulio nje ya taaluma yake. Akivuka mipaka hiyo, wakili wa upande wa pili atamrudisha kwa maswali makali, na hata yale aliyoyasema kwa haki yataanza kutiliwa shaka.

Mambo ya kuzingatia

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Majeruhi anapaswa kuhifadhi kadi za hospitali, tarehe za vipindi vya tiba na risiti zote. Kukosa kuhudhuria vipindi bila sababu humpa mdaiwa nafasi ya kudai kwamba majeruhi amejiletea mwenyewe ulemavu uliobaki. Ikiwa sababu ni kukosa nauli au ada, mtaalamu ayaandike hayo kwenye faili siku hiyo hiyo.

Aidha, muda hausubiri. Kwa mujibu wa Sheria ya Muda wa Kushtaki, Sura ya 22, kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya tukio, na dhidi ya Serikali, chini ya sheria nyingine, muda huo ni miezi 12. Kwa aliyeumia kazini, njia ni tofauti: Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 huelekeza madai kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na Mahakama ya Juu iliidhinisha utaratibu huo mwezi Desemba 2019. Huko nako, rekodi za tiba ya viungo zilizotunzwa tangu juma la kwanza huweza kumsaidia daktari anayekadiria ulemavu kujua kilichobaki na kilichopotea.