Picha za Zamani za Njia ya Misafara

Mwaka 1860 Bwana Speke na Bwana Grant walifika Unguja, nao walikuwa wakijitayarisha kwenda bara kutafuta chanzo cha mto Nile. Grant alikuwa na kamera, na picha alizozipiga mjini Unguja ni katika picha za kwanza za mji ule. Lakini kupiga picha siku zile kulikuwa kazi ya jasho. Kioo kilipakwa dawa, kikachovywa katika maji ya fedha, kikatiwa katika kamera kingali kibichi, kisha kikarudishwa gizani upesi kabla dawa haijakauka. Na giza lenyewe lilikuwa ndani ya hema dogo, juani! Speke aliona kwamba joto lile litamwua mwenziwe, basi akairudisha kamera, na Grant akashika kazi ya kuchora. Walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora yetu, Januari 1861, hawakuwa na kamera.

Basi zile picha za kitabu cha Speke cha mwaka 1863, zenye mistari myembamba kama unywele, zilitoka wapi? Grant alichora kwa mkono, na mafundi wa Uingereza wakauchonga mchoro ule katika kibao cha mti, ndipo ukapigwa chapa. Kisu cha mchongaji hakijui ukungu: kila mkuki ama aukate ama auache. Mtu asiyekanyaga Unyanyembe hata siku moja ndiye aliyeamua ni kitu gani kionekane dhahiri.

Baadaye ilikuja filamu, na hapo tulidhani mkono wa mtu umeondoka. La. Fundi wa chumba cha giza aliweza kutoa nakala ya pili yenye ukungu makusudi, akaibandika pamoja na filamu ya asili, akazipiga chapa pamoja, na kingo za vitu zikazidi kuonekana. Ajabu, ukungu kuzaa udhahiri! Kamera za dijitali zimerithi hila hiyo. Katika nyingi kila kitone hupokea rangi moja tu, nyekundu, kijani au buluu. Rangi nyingine mashine huzikisia kwa kutazama vitone jirani, na picha hutoka laini kidogo. Ndipo programu hutafuta mahali mwanga unapokutana na giza, ikazidisha weupe upande huu na weusi upande wa pili. Jicho hudhani limeona zaidi, kumbe hakuna kipya kilichoongezwa. Programu za siku hizi hupita hapo: huchora zenyewe kisichokuwamo.

Hayo nimeyaona nyumbani kwetu. Picha ya babu, ya filamu, ilikuwa imefifia, tukampelekea fundi mmoja aikuze. Ikarudi na ndevu za kuhesabika. Vijana wakashangilia. Bibi aliitazama kitambo, akauliza, "Huyu ni nani?" Kovu la shavuni, ambalo katika picha ya zamani lilikuwa kama kivuli tu, mashine ilidhani ni uchafu, ikalifuta. Bibi akaomba arudishiwe ile ya ukungu. Sasa zote mbili zimo sandukuni, na nyuma ya ile mpya nimeandika kwa wino kwamba imetengenezwa na mashine, pamoja na tarehe.